Kulala Hemani na Watoto: Moto Ubaki Nje

 

Shule zikifungwa, kuna familia zinazofunga safari ya gari na kulala hemani. Wengine huanzia Ziwa Naivasha, wakapita Nakuru na Marigat hadi Ziwa Baringo, kisha wakarudi na kupanda kupitia Nyahururu na Nanyuki hadi Mlima Kenya. Ni safari nzuri. Watoto wanaiona nchi yao, na kulipia uwanja wa kambi ni nafuu kuliko hoteli. Mchana kila mtu yuko macho. Hatari kubwa huja jua likishatua, na ndiyo maana leo tutazungumza juu ya usiku.

Tuanze na ziwani. Kiboko hushinda majini, na giza likiingia hutoka kula nyasi, hata nyasi za uwanja wa kambi. Hana haja ya kumla mtu, lakini ukisimama kati yake na maji, atakupitia. Kwa hiyo, kabla ya kusimamisha hema, muulize mlinzi viboko hupita wapi na kama kuna ua wa umeme. Piga hema mbali na njia yao.

Sasa, mtoto akiamka saa nane za usiku na kusema, "Mama, susu," utafanyaje? Usimtoe nje gizani. Wekeni ndoo ndogo yenye kifuniko ndani ya hema. Ni jambo dogo, lakini linaweza kuokoa maisha. Na Baringo kuna mamba pia, kwa hiyo watoto wasioge wala kuteka maji ukingoni, hata mchana.

Jambo la pili ni mbu. Baringo iko chini, kama mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuna joto na kuna malaria. Mbu wa malaria huuma usiku, kuanzia jioni hadi alfajiri. Fungeni zipu ya hema kabla ya magharibi, wavisheni watoto nguo za mikono mirefu, na beba neti yenye dawa. Mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 wasikose neti hata usiku mmoja.

Sikilizeni hili kwa makini. Malaria haianzi siku ile ile ya kuumwa na mbu. Kwa kawaida huchukua siku 7 au zaidi. Wakati huo mmesharudi nyumbani, labda Nairobi au Nyeri, na hakuna anayewaza malaria. Mtoto akipata homa wiki kadhaa baada ya safari, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na useme waziwazi, "Tulilala Baringo." Atapimwa damu mapema. Neno hilo moja humsaidia sana muuguzi au daktari.

Sasa tupande mlimani. Lango la Naro Moru la Mlima Kenya liko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Jua likitua, baridi huingia hadi kwenye mifupa. Hapo ndipo mzazi, kwa huruma tu, huchukua jiko la makaa na kuliingiza hemani ili watoto wapate joto.

Mama, usifanye hivyo. Tafadhali, usifanye.

Utaniuliza, "Sista, makaa yakishashika vizuri na moshi umekwisha, kuna ubaya gani?" Ubaya ni kwamba makaa yanayowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina harufu, haina rangi, wala haikoozeshi. Ikiingia katika damu, inachukua nafasi ya hewa safi ambayo mwili unahitaji. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, kisha hulala asiamke. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanaitoa. Hata yale yanayokaribia kuzimika bado yanaitoa. Kufungua zipu kidogo hakutoshi. Jiko la gesi pia lisiwashwe ndani ya hema, na msilale garini injini ikiwa inanguruma.

Basi watoto watapataje joto? Baridi kubwa hutoka chini, ardhini. Tandika mkeka, kisha godoro au blanketi mbili chini, ndipo ufunike juu. Wabadilishe nguo za mchana, kwa sababu zina jasho, uwavishe kavu, soksi na kofia ya sufu. Wape uji wa moto kabla ya kulala. Chupa ya maji moto, ikifungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, inaweza kupasha matandiko joto, lakini iondoe kabla ya kumlaza mtoto mchanga. Mtoto mchanga asifunikwe uso.

Kuna mtego mwingine mlimani. Ukipita mita 2,500, hewa ni nyepesi na mwili unaweza kusumbuka. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kutapika na kukosa usingizi. Mtoto mdogo hawezi kusema kichwa kinamuuma. Utamwona analialia, anakataa kunyonya au kula, na hataki kucheza. Dalili hizi zinafanana na zile za gesi ya makaa. Ikiwa kulikuwa na moto karibu, mtoeni kila mtu nje kwenye hewa safi mara moja, kisha nendeni hospitali, hata kama wamepata nafuu. Ikiwa hakukuwa na moto, msipande zaidi. Teremkeni. Dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mlimani ni kuteremka, na akizidiwa usingoje asubuhi. Ndiyo maana kituo cha Met, kilicho mita 3,050, si mahali pa kumlaza mtoto mdogo usiku wa kwanza.

Mwisho, maji. Maji ya ziwa na ya mto wa mlimani, hata yaking'aa, yachemsheni. Yakianza kutokota, yaacheni dakika 1. Mlimani, yaacheni dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajawa moto sana. Bebeni pakiti za ORS, na kijitabu cha kliniki cha mtoto. Na kabla ya giza, uliza kituo cha afya kilicho karibu kiko wapi na mtafikaje.

Kwa kifupi, wapenzi wasikilizaji: ziwani, mtoto asitoke hemani usiku, na alale ndani ya neti. Mlimani, mvishe nguo kavu na umtandikie vizuri. Na popote mtakapolala, moto ubaki nje ya hema.

Nawatakia safari njema na usingizi mwema. Hadi wakati mwingine, kwaherini.