Pakiti Iliyofika Isipokelewe

Leo nazungumzia tukio linalomalizika ndani ya kompyuta moja kabla jicho halijapepesa.

Mtandao ukisumbua hapa mjini Morogoro, lawama huenda mbali. Wapo wanaoilaumu milima, kwa kuwa aliye Matombo, nyuma ya Uluguru, haonani na minara ya mjini. Wapo wanaoilaumu bahari, nao wana ushahidi: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilihisi pamoja na majirani zake. Lakini iko hasara isiyohusu mlima wala bahari. Pakiti, kipande cha data kinachosafiri mtandaoni, imevuka vyote hivyo, imeingia kwenye seva, kisha kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikaitupa. Mara nyingi mtumaji haambiwi, wala programu iliyokuwa ikiisubiri.

Chukueni ofisi yenye njia mbili za intaneti, mkongo na redio. Ombi la mteja limeingia kwa redio, ilhali jedwali la njia ndani ya seva linasema kwamba majibu yote yatoke kwa mkongo. Mfumo endeshi wa Linux una kinga iitwayo rp_filter. Ikiwekwa katika hali kali, pakiti iliyoingia kwa njia tofauti na ile ambayo jibu lake lingetokea huhesabiwa kuwa na anwani ya kughushi, na hutupwa. Kinga hiyo ni ya maana sana dhidi ya wahalifu, ila hapa inamkataa mteja halali. Fundi anafungua tcpdump, zana ya kunasa pakiti iliyoanzishwa katika maabara ya Lawrence Berkeley mwaka 1988, na anaiona pakiti ikiingia, kwa sababu zana hiyo huchukua nakala kabla ya ukaguzi. Programu nayo inasema haijapokea kitu. Zote mbili zinasema kweli, na fundi anaishia kubadilisha waya usio na hatia.

Mwaka 2009 msanidi programu Neil Horman aliweka kituo cha ufuatiliaji kwenye kfree_skb, sehemu ya kerneli ya Linux inayoachia kumbukumbu ya pakiti zilizotupwa. Zilizomaliza safari salama zilitengewa njia yake, consume_skb, ili zisichanganywe na zilizokataliwa. Tangu hapo tuliweza kujua pakiti ilitupwa mahali gani katika msimbo, lakini ilibidi mtu aufungue msimbo wenyewe na kukisia kwa nini. Toleo 5.17 la kerneli hiyo, la Machi 2022, ndilo lililoanza kutaja sababu: hakuna soketi inayoisikiliza, namba ya uhakiki hailingani, kichujio kimeikataa. Matoleo yaliyofuata yaliongeza nyingine, rp_filter ikiwemo. Naithamini kazi hii kuliko ongezeko lolote la kasi. Mashine inayokataa kitu cha mtu inapaswa kusema kwa nini, na wanafunzi wetu wafundishwe kuidai sababu hiyo kabla hawajagusa waya.

Si kila kinachotupwa ni kosa, na si kila hasara inaonekana katika sababu hizo. Foleni ya kadi ya mtandao ikijaa, pakiti hupotea kabla kerneli haijaipokea; hapo husomwa hesabu za kadi yenyewe.

Turudi kwa ile ofisi. Wengi wakishaiona sababu hubadilisha rp_filter kutoka 1, ile hali kali, kwenda 2, hali legevu, wakaridhika. Ombi sasa litapokelewa, lakini jibu bado litatokea kwenye mkongo likiwa na anwani ya mtoa huduma wa redio, na mtoa huduma wa mkongo ana haki ya kulitupa. Kerneli ya kwake hatuwezi kuiuliza. Tiba iliyo sahihi ni kuipa seva jedwali la pili la njia, ili kilichoingia kwa redio kijibiwe kwa redio.