Sheria ya Boda Boda Ianzie Stejini

(Mazungumzo na viongozi wa steji za Busia na Malaba)

 Asanteni kwa kuacha kazi asubuhi hii. Tunajua saa moja bila abiria ni unga uliopungua nyumbani, basi tutasema machache.

Sisi watu wa mpakani tuna haki ya kulizungumzia jambo hili kabla ya wengine, kwa sababu neno lenyewe lilizaliwa hapa. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa baiskeli waliwabeba watu na mizigo kuvuka ile sehemu iliyo kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, na wito wao ulikuwa "boda, boda". Wengine husema ilianzia Busia, wengine Malaba. Ugomvi huo hatutauamua leo! Baadaye, mwaka 2008, serikali ya Kenya iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya cc 250, na pikipiki zikajaa kila mahali.

Kazi hii inalisha nyumba nyingi, inasomesha watoto, inamfikisha mama mja mzito hospitalini usiku. Lakini pia inajaza wodi. Katika hesabu za NTSA, watu wa pikipiki ni miongoni mwa wale wanaokufa wengi barabarani, pamoja na wanaotembea kwa miguu. Kwa hiyo tukisema sheria, tunasema maisha ya vijana wetu wenyewe.

Je, sheria hakuna? Zipo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, pamoja na kanuni za NTSA za 2015, zinataka mwendeshaji awe na leseni, avae helmeti na jaketi linalong'aa, ampe abiria wake helmeti na jaketi, na abebe abiria mmoja tu. Bima nayo ni lazima. Tena Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya usafiri wa ndani, trafiki na maegesho. Maana yake, mambo ya steji iwe wapi na isimamiwe vipi yanaweza kuamuliwa hapa hapa kwetu.

Basi shida iko wapi? Tunaona mambo matatu.

Kwanza, wengi wetu tumezoea kuiona sheria kama askari na risiti. Askari akija, tunakimbia. Akienda, tunarudi kubeba mishikaki. Mnakumbuka Machi 2022, mwanamke dereva aliposhambuliwa Nairobi na watu wa boda boda. Serikali iliamuru msako nchi nzima, na kabla ya mwezi kwisha msako ukasimamishwa. Waliofanya ubaya ni wachache, lakini waliokimbizwa ni wengi. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Msako hauwezi kuchagua samaki. Steji inaweza, kwa sababu inawajua watu wake kwa jina.

Pili, kuna hesabu ya tajiri. Hili halizungumzwi kwa sauti. Kule mijini, abiria wanaita gari ama pikipiki kwa programu ya simu. Serikali iliona makampuni hayo yanawakamua madereva, ikatoa kanuni mwaka 2022 kwamba kampuni isichukue zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Hebu sasa tujiulize sisi. Tuseme kijana amepata shilingi 1,000 kwa siku, na tajiri anataka 400, mvua inyeshe isinyeshe. Hiyo ni asilimia 40, na bado hajanunua petroli! Kweli, tajiri ndiye aliyenunua pikipiki, na ana haki ya kurudisha pesa zake. Lakini kijana mwenye deni la jioni ndiye anayebeba watu watatu na kuyapita malori mahali pabaya. Mkitaka mwendo upungue, semeni pia na mwenye pikipiki.

Tatu, sisi tuna mpaka. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 na marais wa nchi zote mbili ili watu na mizigo wapite haraka. Lakini mwendeshaji akivuka, anaingia chini ya sheria nyingine na polisi wengine. Abiria akiumia upande wa pili, nani atalipa hospitali? Kila mmoja aulize bima yake inafika wapi. Kuna Kadi ya Manjano ya COMESA, bima ya kuvuka mipaka, na Kenya na Uganda zote zimo. Ulizeni kabla ya ajali, si baada yake. Na wale wanaopita njia za panya wajue kwamba huko hata mwenye haki huwa hana pa kuidai.

Sasa tufanye nini? Ile programu ya simu, ukiitazama vizuri, si uchawi. Inafanya mambo manne: abiria anajua jina la anayembeba, anajua nauli kabla ya kupanda, safari inaandikwa, na kuna mahali pa kulalamika. Haya yote steji inaweza kuyafanya kwa daftari la shilingi chache.

Tunapendekeza hivi. Kila mwanachama aandikwe: jina, leseni, nambari ya pikipiki, jina la mwenyewe. Jaketi liwe na nambari kubwa, mgongoni, isomwe hata na mtoto. Nauli za mchana na za usiku ziandikwe kwenye ubao. Safari za usiku ziandikwe kwenye daftari, hasa akibebwa msichana ama mwanafunzi. Na iwepo kamati ya malalamiko, na ndani yake wawepo akina mama wa soko, kwa sababu mshtakiwa hawezi kujihukumu peke yake. Nafasi ya steji isizibe njia ya ndugu zetu walemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Nao wanatafuta riziki pale pale.

Mkishakubaliana, msiyafungie kabatini. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88, inampa kila mwananchi haki ya kupeleka maombi kwa serikali ya kaunti. Pelekeni yenu kwa maandishi: maegesho, taa za barabarani, na ada inayolipwa irudi stejini kama kivuli na choo. Muswada wa 2023 ulioletwa Seneti na Seneta Khalwale wa Kakamega ulipendekeza bodi ya pikipiki katika kila kaunti, na kelele zikawa nyingi. Muswada wa namna hiyo ukija, asiye na daftari ataandikiwa sheria na wengine. Mwenye daftari ataulizwa maoni.

Kabla hatujaondoka, tunaomba kila steji ichague watu wawili na kutaja siku ya kuanza kuandikisha. Tusiseme "tutaona". Tutaje siku.