Nani Mwenye Uchaguzi? Maswali ya Wananchi kuhusu Siasa za Marekani

Mhadhara wa umma



Kila Marekani inapoingia kwenye uchaguzi, sisi tunaofundisha siasa huulizwa maswali kila tunapopita. Huuliza kondakta wa daladala, huuliza mama muuza samaki, huuliza mlinzi getini. Kwa nini aliyepata kura nyingi anaweza kushindwa? Nani hutangaza matokeo? Trump anaweza kugombea tena? Na yule kijana aliyezaliwa Kampala, ambaye sasa ni meya wa New York, anaweza siku moja kuwa rais? Wasomi tumezoea kuyapita maswali haya mbiombio ili tufike kwenye nadharia. Leo nimeyafanya ndiyo mhadhara wenyewe, kwa kuwa yote yanachimba shimo moja: yanauliza nani mwenye uchaguzi.

Jibu langu lina pande mbili. Kazi ya kuhesabu kura Marekani imetawanywa kwa maelfu ya watu, na hapo ndipo penye usalama wake. Lakini kanuni zinazoamua kura ipi iwe na uzito gani zimeachwa kwa wale wale wanaonufaika nazo, na hapo ndipo penye dhuluma yake. Anayeuona upande mmoja tu ataisifu nchi ile kupita kiasi, au ataibeza kupita kiasi.

Nani hutangaza mshindi?

Kwetu Afrika Mashariki tumezoea tume. Mwenyekiti wake hujitokeza mbele ya kamera, husoma takwimu, na mshindi akapatikana. Marekani haina mtu huyo. Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho ipo, lakini kazi yake ni kusimamia fedha za kampeni. Haihesabu hata kura moja. Uchaguzi wa rais ni chaguzi 51 zinazofanyika siku moja, yaani za majimbo 50 pamoja na ule wa mji mkuu, Washington. Na ndani ya kila jimbo kazi hufanywa na maofisa wa kaunti, wa miji, na mahali pengine wa vitongoji.

Kwa hiyo yule mtangazaji anayesema usiku wa manane kwamba fulani ameshinda ni mwandishi wa habari. Shirika la Associated Press limekuwa likikusanya matokeo na kutaja washindi tangu mwaka 1848, na tamko lake halina nguvu yoyote ya kisheria. Ushindi wa kisheria hupita hatua kadhaa: kaunti huidhinisha hesabu zake, jimbo huthibitisha jumla, wajumbe waliochaguliwa na kila jimbo ili kumchagua rais hupiga kura zao mwezi Desemba, Bunge hukutana tarehe 6 Januari kuzihesabu, na rais huapishwa tarehe 20. Baada ya vurugu za bungeni za 6 Januari 2021, sheria ya mwaka 2022 iliweka wazi kwamba makamu wa rais anayeongoza kikao hicho hana mamlaka ya kukataa kura za jimbo lolote.

Twendeni Georgia, Novemba 2020, tukaitazame kazi hiyo kwa karibu. Tofauti kati ya Joe Biden na Donald Trump ilikuwa ndogo mno, na jimbo likaamuru karatasi zote, takriban milioni tano, zihesabiwe kwa mkono. Wahesabuji walikaa mezani wawili wawili. Wa kwanza aliichukua karatasi, akalitamka kwa sauti jina la mgombea, akampa mwenzake. Wa pili aliitazama kwa macho yake, akathibitisha, akaiweka kwenye rundo la mgombea huyo. Waangalizi wa vyama walipita kati ya meza wakishuhudia. Katika kazi hiyo kaunti ya Floyd iligundua zaidi ya kura 2,500 ambazo hazikuwa zimehesabiwa. Nyingi zilikuwa za Trump, nazo zikaongezwa kwenye hesabu. Mwishowe, baada ya hesabu nyingine ya mashine, Biden alibaki mbele kwa kura 11,779.

Tarehe 2 Januari 2021 Rais Trump alimpigia simu waziri wa jimbo anayesimamia uchaguzi wa Georgia, Brad Raffensperger, akamtaka apate kura 11,780. Raffensperger ni wa chama cha Republican kama Trump, na alisema alimpigia Trump kura. Alikataa. Aliweza kukataa kwa sababu rais hakuwa bosi wake: hakumteua, na hakuwa na uwezo wa kumfukuza. Hiyo ndiyo faida ya kutawanya madaraka, nami naithamini kwa dhati. Hata hivyo tusisahau walioilipia. Mama mmoja na bintiye waliokuwa wakihesabu kura katika kaunti ya Fulton walisingiziwa wizi, wakatishiwa kuuawa, na mama akalazimika kuhama nyumba yake. Mwaka 2023 mahakama iliamua walipwe dola milioni 148 na wakili aliyewasingizia. Uchaguzi ule ulisimama juu ya mabega ya watu wa kawaida kama hao.

Swali la kama rais ana mamlaka juu ya uchaguzi lilirudi Machi 2025, Trump alipotoa amri kwamba anayejiandikisha kwa fomu ya kitaifa aonyeshe hati ya uraia. Mahakama zilikizuia kipengele hicho, kwa kuwa Katiba inayapa majimbo kazi ya kuendesha uchaguzi na inalipa Bunge uwezo wa kubadili kanuni zake. Rais hatajwi humo.

Kwa nini mwenye kura nyingi anaweza kushindwa?

Mwaka 2000 Al Gore alimzidi George W. Bush kwa kura zaidi ya nusu milioni nchi nzima, akaukosa urais kwa tofauti ya kura 537 za Florida. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kwa kura zipatazo milioni 2.9, naye akaukosa. Mwaka 2024 Trump alishinda kotekote: kura nyingi zaidi za wananchi, na kura 312 za wajumbe dhidi ya 226 za Kamala Harris.

Wajumbe hao ni 538, na urais huhitaji 270. Kila jimbo hupata wajumbe sawa na idadi ya wabunge na maseneta wake. Kwa kuwa kila jimbo lina maseneta wawili, liwe kubwa au dogo, majimbo madogo hupata uzito wa ziada. Wyoming ina watu wasiofika 600,000 na wajumbe watatu: karibu watu 200,000 kwa kila mjumbe. California ina watu wapatao milioni 39 na wajumbe 54: zaidi ya watu 700,000 kwa kila mjumbe. Isipokuwa Maine na Nebraska, anayeongoza jimbo huwazoa wajumbe wote. Ndiyo maana mwaka 2024 wagombea walishindana katika majimbo saba, Pennsylvania ikiwa mbele, huku mamilioni ya wapiga kura wa Texas na California wakijua mapema jimbo lao litaangukia wapi.

Wengi huambiwa kwamba utaratibu huu uliwekwa kuwalinda wanyonge wa mikoani. Historia ina neno jingine. Waliokutana Philadelphia mwaka 1787 walikubaliana kwamba watu watano waliofanywa watumwa wahesabiwe kama watatu katika kugawa viti vya Bunge, na wajumbe wa kumchagua rais wakafuata hesabu hiyo hiyo. Mtumwa hakuwa na kura, lakini kuwepo kwake kulimwongezea nguvu bwana wake. Kati ya marais watano wa kwanza, wanne walitoka Virginia, jimbo lililokuwa na watumwa wengi kuliko yote.

Hofu ya kwamba eneo moja lenye watu wengi litayameza mengine ni hofu ya kweli, lakini ina tiba nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Mtawanyiko unazingatiwa bila kumpokonya ushindi mwenye kura nyingi. Marekani yenyewe ilikaribia kubadilika: mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa wingi mkubwa pendekezo la kuufuta utaratibu wa wajumbe, na Seneti ikaliua mwaka uliofuata. Kubadili Katiba kunahitaji theluthi mbili ya mabaraza yote mawili na ridhaa ya majimbo 38. Majimbo yanayonufaika ndiyo yanayoombwa kuachia.

Nani huchora mipaka?

Swali hili huulizwa kwa nadra, nami natamani liulizwe zaidi, kwa sababu ndilo linalogusa uchaguzi wa wabunge uliopangwa kufanyika tarehe 3 Novemba 2026. Viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi vitagombewa siku hiyo, na viti 35 vya Seneti.

Mipaka ya majimbo ya ubunge kwa kawaida huchorwa upya kila baada ya miaka kumi, baada ya sensa, na katika sehemu nyingi wachoraji ni wanasiasa wa bunge la jimbo husika. Chama kilicho madarakani huwarundika wapinzani katika majimbo machache ya ubunge, au huwagawa vipande vipande wasifikie wingi popote. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema kwamba mahakama za shirikisho haziwezi kuamua malalamiko ya upendeleo wa kichama katika michoro hiyo. Agosti 2025 Texas, kwa msukumo wa Rais Trump, iliichora upya mipaka yake katikati ya muongo ili kukipatia chama cha Republican hadi viti vitano zaidi. California ikajibu. Kwa miaka mingi jimbo hilo lilikuwa na tume huru ya mipaka, lakini tarehe 4 Novemba 2025 wananchi wake walikubali kuiweka kando kwa muda ili chama cha Democratic nacho kivune viti vitano.

Nasikia hasira ya watu wa California na naielewa. Bado nasema kwamba pande zote mbili zimewapunguzia wananchi kitu kile kile. Hesabu ya kura inaweza kuwa safi kabisa katika kila kaunti, na bado matokeo yakawa yamepangwa mezani mwaka mmoja kabla.

Nani anaweza kugombea?

Zohran Mamdani alizaliwa Kampala mwaka 1991. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970 na baadaye Makerere. Zohran alipata uraia wa Marekani mwaka 2018, akachaguliwa kuwa meya wa New York mwaka 2025. Anaweza kuwa mbunge, seneta au gavana. Urais hawezi, kwa kuwa Katiba inataka rais awe raia wa kuzaliwa. Kifungu hicho hicho ndicho kilichotumiwa kumsumbua Barack Obama, aliyezaliwa Honolulu mwaka 1961, kwa uvumi kwamba alizaliwa Kenya. Baadhi yetu huku tuliupokea uvumi ule kwa fahari, tukamwita mtoto wetu. Kule ulikuwa silaha ya kumwambia mtu mweusi kwamba nchi si yake.

Kuhusu Trump, marekebisho ya 22 ya Katiba, yaliyoridhiwa mwaka 1951 baada ya Franklin Roosevelt kuchaguliwa mara nne, yanasema hakuna atakayechaguliwa kuwa rais zaidi ya mara mbili. Yeye alichaguliwa mwaka 2016 na mwaka 2024. Hawezi kuchaguliwa tena.

Sisi inatuhusu nini?

Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kuapishwa, Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia 1 Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Kliniki zilizokuwa zikitoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI chini ya mpango ulioanzishwa na Rais Bush mwaka 2003 zilipata mtikisiko, na wahudumu wa afya wakapoteza ajira. Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamazishwa, pamoja na idhaa yake ya Kiswahili iliyokuwa ikisikika kwetu tangu miaka ya 1960. Juni mwaka huo raia wa Burundi wakawekewa vikwazo vya viza.

Fedha za misaada zilikuwa zimepitishwa na Bunge, na sheria ya mwaka 1974 inamzuia rais kuzishikilia apendavyo. Yaliyofuata ni kesi mahakamani, na wakati kesi zikisikilizwa dawa hazisubiri. Hapa somo la Georgia linageuka upande wa pili: anayehesabiwa kura na maelfu ya watu, akishaingia ofisini anaweza kutumia kalamu moja kufanya mambo ambayo hakuna wa kuyazuia kwa wakati. Nchi inayolinda sanduku la kura na kuacha kalamu ya rais bila mlinzi imelinda nusu ya demokrasia yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtakapofuatilia uchaguzi wa Novemba 2026, msitosheke na kuuliza nani anaongoza. Ulizeni nani amechora jimbo hilo la ubunge, na lini. Ulizeni nani ataidhinisha hesabu za kaunti, na kama yeyote aliye juu anaweza kumfukuza kwa kukataa kudanganya. Ulizeni kama Bunge litakalopatikana litakuwa na ujasiri wa kumdai rais fedha ambazo sheria imeziidhinisha. Kisha yaulizeni maswali hayo hayo nyumbani, kuhusu tume zetu, mipaka yetu na saini za wakubwa wetu. Nasi wa chuo kikuu tuna deni la kuwajibu kwa Kiswahili, hadharani, bila kujificha nyuma ya istilahi.