Tumbo likiendesha mwezi wa tisa
(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa Baraka)



Mtoto akikua anasukuma tumbo la chakula juu, ndiyo maana kiungulia kinachoma usiku. Kula kidogo kidogo, usilale mara moja kisha fufu. Choo kigumu? Kunywa maji mengi, kula lengalenga na papai iliyoiva. Mtoto akishuka chini, pumzi inakuwa nyepesi, lakini mkojo unabana kila saa.

Kuna wamama ambao choo kinalainika siku moja ao mbili mbele ya uchungu. Hapo ndipo tunakosea. Tunasema, "Ni uchungu unakuja," tunangoja. Lakini sisi wa kandokando ya Tanganyika kolera tunaijua. Choo kikitoka mara nyingi, kama maji ya mchele, na kutapika, usingoje uchungu. Anza kunywa SRO, nenda kituo cha afya saa ileile. Kolera inaweza kuua mtoto tumboni, na mama pia.

Uchungu wa kweli una mpango: unakaza, unaachia, unazidi kukaribiana. Ute wenye damu kidogo ni alama kwamba siku imekaribia. Maji yakipasuka, ao damu ikitoka nyingi, ni kwenda, hata kama uchungu haujaanza.

Kule kambini hospitali ilikuwa karibu. Huku mtu wa piki tunamtafuta wenyewe, tena usiku. Wababa, muweke feza ya piki kando tangu mwezi wa saba.