AMANA YA MSAFIRI

 

Ndugu Waislamu, mlio msikitini na mlio majumbani mkitusikiliza, kila mwaka huadhimishwa katika nchi yetu Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Baraza la Taifa la Usalama Barabarani pamoja na askari wa kikosi hicho hukagua magari, breki zake, matairi na taa. Lililo zima hubandikwa stika kwenye kioo cha mbele. Kazi hiyo ni njema nasi twaiunga mkono, kwani Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni. Kwa walio kati ya miaka 5 na 29, hapana sababu ya kifo iliyoizidi hiyo. Hao ndio wanafunzi wetu, na vijana wanaoanza kujenga nyumba zao.

Lakini liko jambo ambalo stika haiwezi kulitengeneza. Msiba unapotokea, watu husema, "Ajali haina kinga," wakazika, wakanyamaza. Neno ajali limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni muda wa mtu uliokadiriwa na Mola wake. Kwa maana hiyo methali ni ya kweli, kwani muda ukifika haukingiki. Sisi tumelichukua neno hilo tukalivisha gari lisilo na breki, dereva aliyelewa, na chombo kilichojazwa kupita kiasi. Haya yana kinga, na kinga yake ni rahisi kuliko sanda. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mtu juu ya ngamia wake, alimwagiza amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Basi anayeacha kufunga kisha akasingizia kudra, huyo amemzulia Mola wake.

Sisi wa Kagunga twapaswa kulisikia hili kuliko wengine, kwa kuwa barabara yetu tangu zamani ni ziwa. Milima imesimama nyuma ya nyumba zetu, na aendaye Kigoma kwa ugonjwa, kwa biashara au kwa masomo hupanda boti, akapita Mwamgongo na Gombe. Katikati ya maji hapana askari wa kumsimamisha nahodha. Twayajua yatendekayo. Hupakiwa madumu ya mawese na magunia ya dagaa, na juu yake wakaketi akina mama na watoto. Ukingo wa boti umebakiza shubiri moja juu ya maji, naye mwenye chombo asema bado wawili. Abiria hawasemi neno, maana kila mmoja ana haraka, na anayesema huitwa mwoga. Tumekuwa miongoni mwa walionyamaza, wala hatujitoi.

Ndugu zetu wa Ziwa Victoria wameonja uchungu huu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu wapatao mia moja tu, na waliokufa walizidi 220. Tazameni hesabu hiyo: waliokufa peke yao ni zaidi ya mara mbili ya walioruhusiwa kupanda.

Nasi tuna mfano wetu wenyewe. Mwezi wa Mei 2015, makumi ya maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walijaa katika ufuko huu wa Kagunga, na kipindupindu kikawakuta hapa. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, iliwachukua kuwapeleka Kigoma, watu wapatao 600 kwa safari moja, nao waliobaki wakangoja ufukweni. Walingoja wakiwa wagonjwa na wenye njaa. Je, mfanyabiashara anayewahi soko atashindwa kungoja boti ya kesho?

Wako wanaosema kwamba aliyekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Ni kweli, imepokewa hivyo. Lakini hiyo ni faraja ya wafiwa. Nahodha asiifanye ruhusa. Huyo amechukua amana ya roho za watu na nauli yao ameipokea mkononi.

Basi enyi akina baba, mnapompeleka mtoto shuleni, hesabuni watu kabla hajapanda, na tafuteni kwa macho yenu makoti ya kuokolea. Yakikosekana, mshusheni. Enyi wanafunzi, msione haya kusema kwamba chombo kimejaa, hata mbele ya wazee wenu. Na wenye boti, upepo wa kusini wa kiangazi mwaujua kuliko sisi. Ukivuma, rudisheni nauli.

Ewe Mola, warehemu waliokufa barabarani na waliozama, na wale ambao miili yao haikuonekana wakakosa kaburi. Wape subira watu wao. Na walio majini saa hii, wafikishe. Amin.