Redio Chini ya Mkorosho: Mwalimu na Masomo ya Mbali



Tarehe 17 Machi 2020, Kassim Majaliwa, wakati huo Waziri Mkuu na mbunge wa Ruangwa, naye mwalimu kwa taaluma, alitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona. Kidato cha sita walirudi Juni 1. Wengine wakasubiri hadi Juni 29. Katika miezi hiyo Taasisi ya Elimu Tanzania ilirusha vipindi redioni na kwenye televisheni. Mijini, walimu walifungua makundi ya WhatsApp, wakapiga picha maswali, wakarekodi sauti zao usiku. Nawapongeza kwa dhati. Hakuna aliyewafundisha kazi hiyo.

Na Narung'ombe, wilayani Ruangwa, je? Mwezi Mei huku kwetu ni ufuta. Unakatwa, unafungwa mafungu, unasimamishwa ukauke, na mtoto wa darasa la sita ndiye anayeshika kamba. Simu ya nyumbani ni moja, ni kitochi, na baba kaondoka nayo kwenda Nachingwea. Picha ya maswali haifunguki kwenye kitochi. Redio ipo, imening'inizwa kwenye tawi la mkorosho, betri zake zimeanikwa juani asubuhi zipate nguvu kidogo. Kipindi cha hisabati kinaanza, mtoto yuko peke yake. Akikwama kwenye sehemu, hana wa kumuuliza, na redio haimsubiri.

Hapa ndipo nataka tukumbuke mwaka 1973. Kampeni ya elimu ya afya, Mtu ni Afya, ilifikia watu wapatao milioni mbili, wengi wao wanakijiji, na teknolojia yake ilikuwa redio ile ile. Tofauti ilikuwa kikundi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kwanza. Watu walikaa pamoja, wakasikiliza, wakasoma kijitabu kilichochapwa kwa herufi kubwa kwa ajili ya waliotoka kujifunza kusoma, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba choo. Miaka michache baadaye, walimu wa UPE (Elimu ya Msingi kwa Wote) walisomeshwa kwa njia inayofanana na hiyo, kwa posta, redio na mkufunzi wa karibu, huku wakiwa tayari darasani. Zaidi ya 35,000 walifuzu. Wengi wetu tulioko ukumbini tulifundishwa kusoma na mmoja wao.

Mwaka 2020 tuliirudisha redio, kikundi tukakiacha. Hilo ni kosa letu sisi wa vyuoni, maana maarifa hayo tulikuwa nayo.

Naomba basi kila mwanachuo wa ualimu anayekwenda mazoezi ya kufundisha afunzwe kuongoza kikundi cha watoto wanane wenye redio moja na kijitabu kimoja. Na vijitabu vichapwe sasa, vikae ofisini kwa Afisa Elimu Kata, shule zikiwa bado wazi.