Hatari ya Mlangoni Ipimwe Kabla Meli Haijaja

(Hotuba iliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na walimu, Dar es Salaam)



Meli yenye urefu wa mita 300 haina breki. Rubani akiamuru injini irudi nyuma, meli huendelea mbele kwa uzito wake. Penye kina kidogo, kadiri inavyokwenda kasi ndivyo inavyozidi kudidimia. Na ikikaribia ukingo, shetri huvutwa ukingoni na omo husukumwa upande wa pili. Mambo haya hayaonekani katika mchoro wa gati. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuruhusu meli kubwa zaidi, bandari nyingi duniani huifanya kwanza safari hiyo katika simuleta, yaani mtambo unaoigiza safari ya meli. Rubani husimama kama yu katika chumba cha usukani, akiiona mbele yake bandari ileile, huku kompyuta ikikokotoa upepo, mkondo na nguvu za tagi zinazovuta na kusukuma. Safari moja hurudiwa mara nyingi. Injini huzimwa makusudi. Kamba ya tagi hukatwa makusudi. Hakuna anayekufa.

Wako wanaodhani kwamba mtambo huu unatoa uamuzi. La hasha. Mtambo hujibu swali lile tu ulilouliza. Tutazame Panama. Katika malango ya zamani ya mfereji ule, uliofunguliwa mwaka 1914, meli hushikwa katikati na vigarimoshi vinavyokwenda kandokando yake. Katika malango mapya, yaliyofunguliwa tarehe 26 Juni 2016, kazi hiyo hufanywa na tagi mbili, moja mbele na moja nyuma, ndani ya chumba kilekile cha maji. Chumba kina urefu wa mita 427 na upana wa mita 55. Meli iliyokusudiwa ilikuwa na urefu wa mita 366 na upana wa mita 49. Walimu mtanisaidia kutoa: zinabaki mita 61 kwa ajili ya tagi mbili, na mita 3 kila ubavu.

Kabla ya ufunguzi, Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi lilitangaza uchunguzi uliofanywa kwa simuleta nchini Brazil, uliosema kwamba nafasi hiyo haitoshi kwa usalama. Mamlaka ya Mfereji iliukataa. Nayo ilikuwa ikiwafunza marubani wake ziwani kwa meli za mfano, zilizopunguzwa mara 25. Mwezi wa Julai meli moja ya makontena iligonga ukuta; tangu hapo maelfu zimepita. Mimi si mwamuzi wa ugomvi ule. Linalonisikitisha ni kwamba ulizuka wakati saruji imekwisha kukauka.

Sasa tuje nyumbani. Mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba na una kona, na pantoni za Magogoni na Kigamboni hukatiza humohumo zikiwa zimejaa watu. Miaka hii kina kimeongezwa ili tupokee meli kubwa zaidi, na ni jambo jema. Lakini meli hiyo ikipoteza usukani penye kona, pantoni ikiwa katikati ya maji, rubani ana dakika ngapi? Swali hili liingizwe katika mtambo, na anayeshika usukani awe rubani wetu mwenyewe, wala si mtaalamu wa kukodi peke yake. Nahodha wa pantoni naye aitwe, maana ndiye anayejua abiria wanavyosongamana asubuhi.

Na ikionekana kwamba upepo ukizidi kiasi fulani meli isiingie, kiasi hicho kiandikwe kuwa amri. Meli ikingoja nje, kila siku ni gharama, na wakala wake atapiga simu kwa hasira. Afisa atakayeipokea simu hiyo awe na karatasi mezani yenye tarakimu hiyo, na chini yake sahihi ya mkubwa wake.